Sadaka ya ubatizo wa mtoto: utoe kiasi gani, umpe nani na lini

Ubatizo hauna bei. Naanza hapo kwa sababu mzazi anayeuliza "ubatizo ni shilingi ngapi?" huwa ameshajibiwa na jirani, na shemeji, na muuza duka, kila mmoja kwa namba yake. Mmoja alitoa elfu tano. Mwingine anasema bila laki usijisumbue. Wa tatu anaapa kwamba mtoto habatizwi mpaka michango yote ya mwaka iishe. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, maana kila mmoja anazungumzia fedha nyingine.

Ubatizo unapokaribia, fedha za aina nne hukutana mlangoni kwako: michango yako ya kawaida kama muumini, gharama ndogo za ofisi na vifaa, sadaka ya shukrani, na zawadi kwa waliohudumu. Ukizitenganisha, swali la kiasi linakuwa jepesi. Ukizichanganya, ama utaondoka ukilalamika kwamba kanisa linauza sakramenti, ama utalipa deni la zaka ukadhani umeshukuru.

Nazungumzia zaidi parokia za Kikatoliki za Tanzania. Walutheri nimewawekea sehemu yao huko mbele.

Jua kwanza sheria inasema nini

Kanuni ya 848 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema mhudumu wa sakramenti asidai chochote zaidi ya matoleo yaliyopangwa na mamlaka inayohusika, na aangalie daima kwamba mhitaji hanyimwi sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kanuni ya 1264 inawapa kazi ya kupanga matoleo hayo maaskofu wa provinsi, yaani jimbo kuu pamoja na majimbo yaliyo chini yake. Kwa hiyo kiwango kinaweza kuwepo, na kikiwepo kinajulikana. Ila paroko (padre mkuu wa parokia), katekista (mwalimu wa dini) au mwenyekiti wa jumuiya hana ruhusa ya kubuni chake na kukiweka juu ya hicho. Na asiye nacho hazuiwi.

Vita hivi Kanisa limevipigana tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 4, Sinodi ya Elvira huko Hispania ilikataza desturi ya wanaobatizwa kutumbukiza sarafu kwenye chombo cha ubatizo, isije ikaonekana padre anauza alichopewa bure. Novemba 2014 Papa Fransisko alizikemea parokia zinazobandika orodha ya bei za ubatizo na baraka. Mwaka 2020 Vatikani ikalirudia jambo hilohilo katika waraka wake kuhusu maisha ya parokia: toleo ni tendo la hiari linalotoka katika dhamiri ya mtoaji, si bei wala kodi.

Upande wa mzazi nao una maandiko yake. Kitabu cha Walawi sura ya 12 kilimwagiza mama aliyejifungua apeleke mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Asipoweza kondoo, apeleke hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka 2:24 inatuambia Maria na Yosefu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa ndege wawili. Walitoa sadaka ya watu wasio na uwezo, na hawakurudishwa. Mama anayejificha nyuma ya nguzo za kanisa kwa sababu bahasha yake ina elfu mbili, ningependa aisome aya hiyo mara mbili.

Anzia kwenye jumuiya, na anza mapema

Hii ndiyo hatua inayowakwamisha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Parokia nyingi zitakutaka ulete barua ya utambulisho kutoka jumuiya ndogo ndogo unakosali, yaani kile kikundi cha familia za jirani zinazosali pamoja. Mwenyekiti ndiye anayeandika, na kabla ya kuandika ataangalia mambo mawili: mnafika kwenye sala, na kadi yenu ya zaka ikoje. Hapo ndipo yule wa tatu, aliyeapa kwamba mtoto habatizwi mpaka michango iishe, alipoipata habari yake. Mtu amehamia mtaani miaka miwili iliyopita, hajawahi kukanyaga jumuiya, leo anataka barua kwa ajili ya ubatizo wa Jumamosi ijayo. Kadi inafunguliwa, haina kitu. Anaambiwa zaka ya mwaka, tegemeza parokia, mchango wa ujenzi, ukijumlisha inafika laki na kitu. Anatoka pale akitangaza kwamba ubatizo ni laki na kitu.

Michango hiyo si malipo ya ubatizo. Ni wajibu wako wa mwaka mzima, ungedaiwa hata kama usingekuwa na mtoto. Nasema hivi nikiwa upande wa jumuiya: padre anakula, umeme wa kanisa unalipiwa, katekista wa kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia) ana watoto wanaosoma, na fedha hiyo haitoki mahali pengine. Mkristo mwenye kazi asiyechangia chochote mwaka mzima ana jambo la kurekebisha.

Lakini nasema pia, na kwa uzito uleule, kwamba mtoto si rehani. Deni ni la baba na mama. Mtoto wa miezi mitatu hana kadi. Kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe watoto wachanga wanabatizwa katika wiki za kwanza, na hakuna mahali inaposema wiki hizo zisubiri michango imalizike. Kinachotakiwa ili mtoto abatizwe ni angalau mzazi mmoja akubali, na pawepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani.

Basi fanya hivi. Nenda kwa mwenyekiti mapema, ikiwezekana mama akiwa bado mjamzito. Usitume ujumbe wa simu, nenda mwenyewe, na sema wazi:

"Tumsifu Yesu Kristo, mama mwenyekiti, shikamoo. Tunatarajia mtoto mwezi wa nane, tungependa abatizwe mapema. Najua zaka hatujaitoa tangu Januari. Leo nimekuja na elfu ishirini, iliyobaki tutakuwa tunapunguza kila mwisho wa mwezi. Naomba utuelekeze taratibu za barua na mafundisho."

Sijaona wenyeviti wengi wanaomfukuza mtu anayeongea hivyo. Wanachokichoka ni mtu wa dakika ya mwisho anayekuja na hasira.

Ukiwa hapohapo uliza siku ya semina ya wazazi na wasimamizi, maana ukikosa semina utasubiri awamu nyingine. Uliza pia kama parokia inabatiza wakati wa Kwaresima. Nyingi husitisha mpaka Pasaka.

Uliza gharama za ofisi

Hii ni sehemu fupi. Kuna cheti, na pengine mshumaa na kitambaa cheupe, kama parokia inawanunulia wote kwa pamoja. Piga simu au pita ofisi ya parokia siku ya kazi, uliza: "Kuna kiasi chochote kilichopangwa kwa ajili ya ubatizo, na kinahusu nini?" Ukitajiwa, lipa na uombe stakabadhi. Ukiambiwa hakuna, usilazimishe. Mshumaa unaweza kuununua kwenye duka la vitu vya ibada la parokia, na kitambaa cheupe hata fundi wa mtaani anakishona.

Pangeni sadaka kabla ya keki

Sasa ndiyo tumefika kwenye sadaka yenyewe. Makosa ninayoyaona hayako kwenye ukubwa wa fedha, yako kwenye mpangilio. Familia inakaa kikao: turubai, viti, pilau, kuku, kreti za soda, keki ya ghorofa mbili, mpiga picha, sare za kitenge. Asubuhi ya ubatizo baba anajipapasa mfukoni, anapata noti ya elfu mbili, anaikunja. Siyo kwamba hana. Ilisahaulika.

Dawa yake ni kuiandika sadaka kwenye mstari wa kwanza wa bajeti. Na kipimo ninachowashauri watu ni pato la siku moja. Chukua mnachoingiza nyumbani kwa mwezi, gawa kwa 30. Nyumba inayoingiza 300,000 itapata 10,000. Inayoingiza 900,000 itapata 30,000. Mwenye milioni tatu, 100,000. Hicho ndicho kiwango cha kuanzia kwa mtu ambaye maisha hayajambana. Anayetaka kushukuru zaidi, labda mtoto amekuja baada ya miaka ya kusubiri, au mama alijifungua kwa shida na wametoka salama, afike pato la siku tatu au zaidi ya hapo. Hakuna sheria iliyoandika kipimo hiki, ni njia tu ya kumfanya kila mtu atoe kwa kadiri yake bila kuchungulia bahasha ya mwenzake.

Kisha linganisha na sherehe. Kama keki imegharimu 80,000 na bahasha ina 5,000, kaeni tena kikao. Na kama hamfanyi sherehe kwa sababu hali ni ngumu, basi 2,000 yenu ni sadaka kamili, msiombe radhi kwa mtu.

Usikope kwa ajili ya sadaka. Usikope kwenye simu, usichukue fedha ya VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), usiuze simu ya mama. Shukrani ya mkopo itawageukia kuwa ugomvi nyumbani kabla mtoto hajaanza kutambaa.

Wakulima na wafugaji wana njia yao, na mimi naipenda. Wakati wa maandamano ya matoleo unapeleka kitu: debe la mahindi, mkungu wa ndizi, jogoo, trei ya mayai, ndoo ya maharage. Mjini watu huleta mchele, sukari, sabuni za mche, mafuta ya kupikia. Jogoo akiwika kati ya nyimbo za kwaya, kanisa zima linatabasamu. Ukiamua kupeleka vitu, ulizia kwanza nyumba ya mapadre wanahitaji nini, la sivyo mtajaza stoo chumvi. Na mwambie mwenye zamu mlangoni mapema, ili mpangwe kwenye foleni.

Bahasha iandikwe

Fedha isiyo na maelezo huingia kapuni ikachanganyika na sadaka ya kawaida. Hakuna ubaya, imefika kwa Mungu. Lakini kama mnataka ijulikane imetolewa kwa ajili gani, andikeni juu ya bahasha:

Sadaka ya shukrani, ubatizo wa mtoto (jina). Wazazi: (majina). Jumuiya ya Mt. (jina), Kanda ya (jina). Tarehe.

Mkitaka fedha ifanye kazi moja maalumu, kwa mfano rangi ya kanisa la kigango au chakula cha wagonjwa, liandikeni hilo pia. Kanuni ya 1267 inasema matoleo yaliyotolewa kwa kusudi fulani yatumike kwa kusudi hilo tu.

Mnaotuma kwa simu, tumieni namba ya malipo iliyotangazwa kanisani au iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, na hakikisheni jina linalotokea kabla ya kubonyeza ni la parokia. Namba binafsi ya mtu, hata awe mtu mwema kiasi gani, si akaunti ya parokia. Hifadhini ule ujumbe wa muamala.

Na jambo moja linalochanganya: misa ya shukrani. Kama mnataka misa iadhimishwe kwa nia yenu, hiyo ni nia ya misa, ina toleo lake lililopangwa na maaskofu, na huandikishwa ofisini kwenye daftari la nia. Msilihesabu kama sadaka ya ubatizo.

Padre, katekista na wengine

Wengi hudhani bahasha anayopewa padre ni ya padre. Kanuni ya 531 inasema matoleo yanayotolewa wakati wa huduma ya kiparokia huingia kwenye mfuko wa parokia, isipokuwa kama nia ya mtoaji ni wazi kwamba amempa mhudumu mwenyewe. Kwa hiyo mkitaka kumpa padre zawadi yake, tengeni bahasha ya pili na mseme kwa mdomo: "Baba Paroko, hii ni ya parokia, na hii ni zawadi yako binafsi kutoka kwetu." Zawadi hiyo si lazima hata kidogo. Wengine humwalika tu nyumbani kula, na wengi wa mapadre hufurahia hilo kuliko noti.

Kama mnamleta padre ndugu yenu aje kubatiza, lazima paroko akubali kwanza. Mlipieni ndugu yenu nauli au mafuta ya gari. Na sadaka ya parokia ibaki palepale, isipunguzwe kwa kuwa "tumekuja na padre wetu".

Ninayemwombea sana ni katekista. Ndiye aliyewafundisha jioni tatu mfululizo, ndiye aliyeandika majina, ndiye aliyewatuliza wazazi mlangoni, na mara nyingi posho yake ni ndogo sana au haipo. Elfu tano au kumi mkononi mwake, pamoja na asante, inamfikia kweli. Kwaya ya kawaida ya misa haidai kitu. Mkiomba iwaimbie nyumbani kwenye sherehe, hapo soda na nauli ni haki yao.

Wasimamizi watoe nini?

Kanuni zinataka msimamizi mmoja, wa kiume au wa kike, au wawili, mmoja wa kila jinsi. Wawe wametimiza miaka 16, wamepata kipaimara na komunyo, na wasiwe wazazi wa mtoto. Hakuna palipoandikwa wawe na fedha. Kwa desturi zetu baba wa ubatizo au mama wa ubatizo huleta mshumaa, nguo nyeupe, pengine rozari, na huweka sadaka yake mwenyewe. Inatosha. Kumchagua msimamizi kwa sababu ana gari, kisha kumpelekea bajeti ya sherehe, ni kumnyima mtoto mtu wa kumwombea na kumfuatilia miaka ishirini ijayo.

Kwa Walutheri

Katika sharika za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) njia inafanana, majina yanabadilika. Unaanza kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako, kisha mwinjilisti au mchungaji. Badala ya kadi ya zaka kuna ahadi zako na bahasha zenye namba yako ya usharika. Ubatizo hufanyika ndani ya ibada ya Jumapili, na familia hupita mbele na sadaka ya shukrani, ndugu na marafiki wakiwasindikiza kwa wimbo. Kwa kuwa mnapita mbele ya watu, kishawishi cha kujionyesha ni kikubwa zaidi. Wekeni fedha kwenye bahasha moja ya familia mkiwa nyumbani, na wanaowasindikiza wawe na za kwao. Pato la siku moja linafaa huku pia. Kama mna kuku au mkungu, mara nyingi vitanadiwa nje baada ya ibada na fedha kuingia usharikani, kwa hiyo msishangae kuona jogoo wenu ananunuliwa mara tatu na kurudishwa mnadani.

Ukiambiwa "lipa, la sivyo habatizwi"

Usigombane pale mlangoni. Uliza kwa upole kiasi hicho kimepangwa na nani na kama kuna stakabadhi. Kikiwa ni deni la michango, omba kulipa kidogo kidogo na barua itoke. Ikishindikana, nenda kwa paroko mwenyewe, umweleze hali yako bila kuipamba. Mara nyingi inaishia hapo, maana paroko hakuwa na habari. Bado ikikwama, kuna halmashauri ya walei (waumini wasio mapadre wala watawa) ya parokia, na baada ya hapo ofisi ya kansela wa jimbo, kwenye ofisi za askofu. Huna haja ya kutaja kanuni kwa namba kama wakili; sema tu, "Hatuna, na tunaomba mtoto abatizwe."

Mtoto akiwa mahututi yote haya yanawekwa kando. Anabatizwa mara moja, na asipopatikana padre, mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa, hata muuguzi wa wodini, anaweza kummiminia maji akisema maneno ya ubatizo. Hakuna sadaka, hakuna barua. Baadaye mtoe taarifa parokiani ili aandikwe.

Mnaotoka mbali kuja kubatiza nyumbani

Desemba, parokia za Kilimanjaro hujaa familia kutoka Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo. Barua mtoke nayo kule mnakosali sasa, maana jumuiya ya babu haiwezi kuthibitisha kitu isichokijua. Sadaka toeni kule mtoto anakobatizwa. Mlioko Ujerumani mmezoea kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 juu ya kodi ya mapato, inayokatwa bila nyinyi kuigusa. Na mlioko Uingereza mnajua Kanisa la Uingereza halitozi ada ya ubatizo. Kigango cha nyumbani hakina kodi ya kanisa wala mfuko wa urithi. Kinaishi kwa kapu la Jumapili. Pato la siku moja la euro au pauni linaweza kubadilisha bati zima la sakristia (chumba anamovalia padre), kwa hiyo msilipunguze ili lifanane na la majirani. Mkiona aibu kuonekana mnatoa sana, mpelekeeni paroko ofisini siku ya Jumatatu.

Baada ya maji

Kabla hamjaondoka, au ndani ya wiki hiyo, nendeni mwangalie jina lilivyoandikwa kwenye daftari la ubatizo: herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na wasimamizi. Daftari hilo ndilo litakaloandikwa kipaimara chake na ndoa yake pembeni ya jina lake, na kosa la leo litamsumbua akiwa na miaka 27 anatafuta cheti kipya cha ubatizo ili afunge ndoa. Chukueni cheti, mkipige picha, mkiweke na cheti cha kuzaliwa. Kama mlibakisha deni la zaka kwa makubaliano na mwenyekiti, mwisho wa mwezi huu peleka sehemu ya kwanza, asikukumbushe yeye.